Uongozaji wa meli kwa vyombo vya elektroniki: Mambo ya kujua kwa mwenye mzigo wa Uganda

KAMPALA – Mnamo Mei 8, 2005, meli mbili za kubeba mabehewa, MV Kabalega na MV Kaawa, ziligongana katika Ziwa Victoria, kusini-mashariki mwa Visiwa vya Ssese. Kabalega ilizama. Kaawa iliharibika sehemu ya mbele lakini haikuzama, na baadaye ilitengenezwa ikarudi kazini.

Meli hizo mbili zilikuwa za mmiliki mmoja, Shirika la Reli la Uganda. Zilijengwa kwa mfano mmoja nchini Ubelgiji miaka ya 1980, na zilikuwa zikihudumia bandari zile zile. Ziwa lenyewe lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800. Wafanyabiashara wengi wa Kampala walijiuliza wakati ule, na bado wanajiuliza: inawezekanaje meli mbili zinazojuana zigongane katika maji mapana kiasi hicho?

Makala haya yanaeleza jinsi meli zinavyoongozwa katika njia zenye msongamano, vyombo vya elektroniki vinavyotumika, mahali ambapo vyombo hivyo hushindwa, na mambo ambayo mwenye mzigo au msafirishaji anapaswa kuuliza kabla ya kupakia. Yanahusu Ziwa Victoria na pia milango ya bandari za Mombasa na Dar es Salaam, kwa kuwa shehena nyingi ya Uganda hupitia huko kabla ya kufika Malaba, Busia, Mutukula au Port Bell.

ZIWA NI PANA, NJIA NI NYEMBAMBA

Meli hazitawanyiki ziwani kama ng'ombe malishoni. Kila nahodha anataka njia fupi yenye kina cha kutosha, na njia hiyo huwa moja. Meli inayotoka Mwanza kwenda Port Bell na ile inayotoka Port Bell kwenda Mwanza hufuata mstari ule ule, moja ikielekea kaskazini na nyingine kusini. Kadiri manahodha wanavyoijua njia vizuri, ndivyo wanavyozidi kukutana uso kwa uso juu ya mstari huo.

Aidha, zipo sehemu ambazo hazina nafasi ya kuchagua. Port Bell iko ndani ya Ghuba ya Murchison. Meli ya Kisumu hutoka kwanza katika Ghuba ya Winam, kisha hupita mlango mwembamba karibu na Kisiwa cha Rusinga kabla ya kufika kwenye maji mapana. Bandari ya Mwanza iko ndani ya ghuba yenye miamba inayojitokeza juu ya maji, na mingine imejificha chini yake.

Katika njia hizo hizo wapo wavuvi wenye mitumbwi ya mbao na nyavu zilizotandazwa, boti za abiria, mashua za mchanga na samaki, na magugu maji yanayosukumwa na upepo na kuziba milango ya bandari. Safari ya Mwanza hadi Port Bell haimaliziki mchana mmoja kwa meli ya mwendo wa kawaida, hivyo sehemu yake hupita usiku. Na usiku wa kuamkia alfajiri ndio wakati ambao dhoruba nyingi za Ziwa Victoria hutokea, kwa sababu pepo zinazotoka nchi kavu hukutana juu ya maji yenye joto.

Kwa hiyo msongamano wa majini hauhesabiwi kwa idadi ya meli peke yake. Meli mbili zikiwa kwenye mstari mmoja, gizani, bila kuzungumza, tayari ni msongamano.

VYOMBO VINAVYOTUMIKA NA KAZI YAKE

Chombo cha kwanza ni RADA. Hutuma mawimbi ya redio, mawimbi hugonga kitu na kurudi, na kwenye skrini huonekana doa. Rada huonyesha umbali na upande ambao kitu kipo, usiku na kwenye ukungu. Haihitaji chombo kingine kiwe na kifaa chochote, na huo ndio uzuri wake mkubwa. Udhaifu wake ni kwamba mbao na mpira havirudishi mawimbi vizuri. Mtumbwi wa mbao ulio kwenye mawimbi makubwa unaweza usionekane kabisa, na mvua kubwa hujaza skrini madoa.

Cha pili ni AIS, yaani mfumo wa meli kujitambulisha wenyewe kwa redio. Kifaa kilichopo melini hutangaza jina la meli, namba yake, mahali ilipo, mwendo wake na uelekeo wake. Meli kubwa ikiwa safarini hutangaza mahali, mwendo na uelekeo wake kila baada ya sekunde 2 hadi 10, na ikiwa imetia nanga kila baada ya dakika 3. Kifaa kidogo kinachofungwa kwenye boti za kawaida hutumia nguvu ndogo na hutangaza mara chache zaidi. Taarifa husikika kwa kawaida umbali wa maili 20 hivi za baharini kutoka meli hadi meli, na mbali zaidi ikiwa mnara wa kupokelea uko mlimani.

Tofauti kati ya viwili hivyo ni muhimu. Rada hukuambia kwamba kipo kitu, lakini haikuambii ni nani. AIS hukuambia ni nani, lakini kwa sharti kwamba mwenyewe amewasha kifaa na taarifa alizoweka ni za kweli.

Cha tatu ni GPS, inayotumia satelaiti kuonyesha meli iko wapi. AIS hupata mahali pa kutangaza kutoka kwa GPS. Kwa maana hiyo GPS ikikosea, AIS nayo hutangaza kosa lile lile kwa kila aliye karibu.

Cha nne ni RAMANI YA ELEKTRONIKI, ambayo huweka alama ya meli juu ya picha ya kina cha maji, miamba na maboya, na hupiga kengele meli inapokaribia mahali pasipo na kina. Thamani ya ramani hiyo inategemea upimaji uliofanywa. Ikiwa kina kilipimwa zamani na mchanga umehama, skrini nzuri haiwezi kurekebisha jambo hilo. Kwa ziwa ambalo kiwango chake cha maji hupanda na kushuka, hili si jambo dogo.

Cha tano ni REDIO YA VHF. Chaneli 16 ndiyo ya kuitana na ya kuomba msaada wakati wa hatari duniani kote. Ni miongoni mwa vyombo vya bei nafuu vilivyotajwa, na ndicho kinachowezesha nahodha mmoja kumwambia mwenzake: "Nakuona, mimi napita kulia."

Cha sita ni MABOYA NA TAA. Siku hizi boya linaweza kufungwa kifaa cha AIS ili lionekane kwenye skrini ya meli hata kama taa yake haionekani. Inawezekana pia kituo cha nchi kavu kutangaza alama ya boya mahali ambapo hakuna boya lolote, kwa mfano juu ya meli iliyozama hivi karibuni. Boya la namna hiyo huonekana kwenye skrini tu, na mwenye mtumbwi asiye na skrini hataliona.

KITUO CHA KUONGOZA MELI

Vyombo vyote hivyo huwa na maana kubwa zaidi pale ambapo kuna mtu nchi kavu anayeona picha nzima. Hicho ndicho kituo cha kuongoza meli. Kazi hii ilianza baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wakati rada za kivita zilipopata matumizi ya kiraia. Bandari ya Douglas katika Kisiwa cha Man iliweka rada ya bandari mwezi Februari 1948, na Liverpool ikafuata mwezi Julai mwaka huo huo. Sababu ilikuwa ya kibiashara: ukungu ulikuwa ukizuia meli kuingia, na mzigo ulikuwa ukichelewa.

Jambo lililofuata ni kugawa njia. Mwaka 1967 katika Mlango wa Dover, kati ya Uingereza na Ufaransa, meli zilianza kupangiwa njia mbili, ya kwenda na ya kurudi, kama barabara yenye mstari katikati. Mwanzoni lilikuwa jambo la hiari. Baadaye lilitiwa nguvu na kanuni za kimataifa za kuzuia migongano ya meli za mwaka 1972, zilizoanza kutumika mwaka 1977.

Kituo cha kuongoza meli hufanya mambo matatu. Kwanza, hutoa taarifa: nani yuko mbele, nani anatoka gatini, hali ya hewa ikoje. Pili, hupanga: meli gani iingie kwanza na ipi isubiri nje. Tatu, huingilia kati hatari inapoonekana, kwa kumwita nahodha na kumwonya. Hata hivyo, kituo hakiendeshi meli. Jukumu la mwisho hubaki kwa nahodha aliye melini, na mwongozo wa Shirika la Kimataifa la Bahari uliopitishwa mwaka 2021 kuhusu vituo hivi hauondoi jukumu hilo.

Mombasa ni mfano ulio karibu nasi. Meli ya makontena inayoleta mzigo wa Kampala haijiingilii tu Kilindini. Husubiri nje, huzungumza na kituo cha bandari kwa redio, kisha rubani wa bandari hupanda kuiongoza ndani ya mkondo. Na hapo hapo, vivuko vya Likoni hukata mkondo huo kutoka upande hadi upande, kutwa kucha, vikiwa vimejaa watu. Meli kubwa huhitaji zaidi ya maili moja ili isimame na haiwezi kukwepa ndani ya mkondo mwembamba, kwa hiyo kivuko ndicho hungoja.

Dar es Salaam nako ni hivyo hivyo: vivuko vya Magogoni na Kigamboni hukatiza kwenye mlango ule ule ambao meli hupita kuingia bandarini. Dereva wa lori anayesubiri kontena lake nje ya geti hajui kwamba saa yake ya kupakia inaweza kuwa imesogezwa na mpangilio wa mlangoni, lakini ndivyo ilivyo.

SHERIA ZINASEMAJE

Baharini, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha ya watu baharini, unaojulikana kama SOLAS, ulilazimisha AIS kwa hatua kuanzia mwaka 2002. Unahusu meli zote za abiria, meli za kuanzia tani 300 za ujazo zinazosafiri kimataifa, na meli za mizigo za kuanzia tani 500 hata zisizovuka mipaka. Ramani ya elektroniki nayo ililazimishwa kwa hatua kati ya mwaka 2012 na 2018 kwa meli kubwa zinazosafiri kimataifa.

Lakini Ziwa Victoria si bahari. Mkataba ule haulishiki ziwa moja kwa moja, ingawa meli ya Port Bell inayokwenda Mwanza au Kisumu inavuka mpaka wa kimataifa kama inavyovuka ile ya Dubai inayokuja Mombasa. Kinachotawala ziwani ni sheria za nchi na za Jumuiya. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipitisha Sheria ya Uchukuzi ya Ziwa Victoria mwaka 2007. Uganda ilipitisha sheria yake mpya ya uchukuzi wa maji ya ndani mwaka 2021, inayohusu usajili, leseni na ukaguzi wa vyombo. Tanzania ina Shirika la Uwakala wa Meli (TASAC), ambalo limesimamia usalama wa vyombo vya majini tangu mwaka 2018, na Kenya ina Mamlaka ya Usafiri wa Majini ya nchi hiyo.

Upande wa mawasiliano, mwaka 2016 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha mradi wa mawasiliano na uchukuzi wa Ziwa Victoria, unaohusisha Uganda na Tanzania chini ya Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria yenye makao yake Kisumu. Mradi huo ulilenga kupanua mawasiliano juu ya maji na kuweka vituo vya uokoaji, huku Mwanza ikichaguliwa kuwa na kituo kikuu cha kanda. Kabla ya hapo, mwishoni mwa miaka ya 2000, kampuni za simu zilikuwa zimeanza kuelekeza minara kwenye maji ili mvuvi aweze kupiga simu. Kwa wavuvi wengi, hadi leo, simu ya mkononi ndiyo redio yao.

VYOMBO HUSHINDWA WAPI

Hapa ndipo penye somo kuu. Mnamo Julai 25, 1956, meli ya abiria ya Italia, Andrea Doria, iligongana na meli ya Sweden iitwayo Stockholm karibu na Nantucket, Marekani. Watu 51 walikufa. Meli zote mbili zilikuwa na rada, na kila moja ilikuwa imeiona nyingine kwenye skrini kabla ya kugongana. Kilichokosekana ni kuzungumza na kukubaliana nani apite upande gani. Kila upande ulisoma doa lile kwa namna yake.

Baada ya miaka karibu 70 tatizo halijaondoka. Juni 17, 2025, meli mbili za mafuta, Front Eagle na Adalynn, ziligongana katika Ghuba ya Oman wakati ishara za GPS za meli nyingi katika eneo hilo zilikuwa zikivurugwa kutokana na vita kati ya Israel na Iran. Mamlaka za Umoja wa Falme za Kiarabu zilieleza kuwa chanzo kilikuwa makosa ya uongozaji wa chombo. Njia hiyo ndiyo inayopitisha sehemu kubwa ya mafuta na bidhaa zinazokuja Afrika Mashariki kutoka Ghuba.

Kwa ufupi, vyombo hushindwa katika hali hizi:

- Kifaa kimezimwa, au betri imekufa, au namba na jina vilivyowekwa si vya chombo hicho.
- Chombo kilicho mbele ni mtumbwi usio na kifaa, na mtazamaji amezoea kutazama skrini badala ya maji.
- Ishara ya GPS imevurugwa, na nahodha haangalii rada wala alama za nchi kavu ili kulinganisha.
- Hakuna kituo nchi kavu kinachosikiliza, hivyo onyo halina wa kulitoa.
- Zamu ya usiku ina mtu mmoja aliyechoka.

Lipo pia jambo ambalo hakuna chombo cha elektroniki kinachoweza kulizuia, nalo ni kupakia kupita kiasi. MV Nyerere ilipozama karibu na Ukara Septemba 20, 2018 na kuua watu zaidi ya 200, haikugongana na chombo chochote. Boti ya starehe ya MV Templar iliyozama upande wa Mukono Novemba 24 mwaka huo huo na kuua zaidi ya watu 30 haikugongwa pia. Rada haihesabu abiria wala magunia. Kazi hiyo ni ya mkaguzi aliye gatini, na ya abiria au mwenye mzigo anayekataa kupanda na kupakia.

Kanuni ya 5 ya kanuni za kuzuia migongano inasema kila chombo wakati wote kiwe na uangalizi kamili kwa macho, kwa masikio na kwa njia nyingine zote zilizopo. Macho na masikio vimetajwa mwanzo, na vyombo vikafuata. Meli za Port Bell, Kisumu na Mwanza zinaweza kufungwa vifaa vyote vya kisasa, lakini bila mtu anayetazama, redio inayojibiwa na makubaliano ya nani apite wapi, ajali ya Mei 2005 inaweza kujirudia.

HASARA YA MGONGANO HUMFIKIA NANI

Wafanyabiashara wengine hudhani hasara ya ajali ya meli ni ya mwenye meli. Si hivyo. Baada ya kupotea kwa Kabalega, Uganda ilibaki bila huduma ya kutegemewa ya meli za mabehewa kwa miaka mingi. Mzigo ulihamia barabarani. Ilikuwa Juni 2018 ndipo njia ya Dar es Salaam, Mwanza hadi Port Bell ilipofufuliwa kwa MV Umoja ya Tanzania, na Desemba 2019 ndipo MV Uhuru ya Kenya iliporudi kusafiri kati ya Kisumu na Port Bell. Kwa muda wote wa katikati, mwenye mzigo alikosa njia ya pili ya kumwezesha kubishana bei na wenye malori, na wenye malori nao walibeba peke yao foleni zote za mpakani.

Lipo pia jambo liitwalo mchango wa hasara ya pamoja. Ni kanuni ya zamani sana ya bahari: meli ikiwa hatarini na gharama zikatumika kuiokoa pamoja na mzigo wake, wenye mizigo wote huchangia kulingana na thamani ya mali zao, hata kama mali ya mtu haikuguswa na maji. Meli ya Ever Given ilipokwama katika Mfereji wa Suez Machi 23 hadi 29, 2021, mwenye meli alitangaza hasara ya pamoja. Wenye makontena waliokuwa na bima waliachia kampuni zao za bima zitoe dhamana. Asiye na bima hutakiwa kuweka fedha taslimu kabla ya kupewa mzigo wake.

Mfanyabiashara wa Kikuubo mwenye kontena moja la nguo au vipuri anaweza kukwama hapo. Bima ya shehena ya majini hulipia mchango huo. Bima ya lori peke yake haifiki huko.

KUFUATILIA MELI KUTOKA KAMPALA

Taarifa za AIS zinapokelewa pia na watu binafsi na satelaiti, na zipo tovuti, kama MarineTraffic, zinazoonyesha meli ilipo. Wakala wa forodha na msafirishaji wanaweza kunufaika, mradi wafahamu yafuatayo.

Tafuta meli kwa namba yake ya IMO yenye tarakimu 7. Namba hiyo haibadiliki hata meli ikiuzwa na kubadilishwa jina. Namba ya redio ya meli ina tarakimu 9, na tatu za mwanzo huonyesha nchi ya usajili: Uganda ni 675, Kenya ni 634, Tanzania ni 674 au 677.

Saa ya kuwasili inayoonekana kwenye tovuti huandikwa na wafanyakazi wa meli. Si saa ya kufunga gatini. Meli inaweza kuonekana imefika Mombasa wakati imetia nanga nje ikisubiri zamu. Usitume lori kutoka Kampala, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,100, kwa kutegemea alama kwenye skrini. Subiri uthibitisho wa gati kutoka kwa wakala wa meli.

Meli ikitoweka kwenye skrini usiogope mara moja. Katikati ya bahari na katika sehemu nyingi za ziwa hakuna mnara wa kupokea karibu.

MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KUPAKIA ZIWANI

1. Chombo kimesajiliwa na cheti chake cha usalama kinaisha lini? Omba kukiona cheti chenyewe.

2. Kina redio ya VHF inayofanya kazi, na nani anaisikiliza usiku?

3. Kina AIS na rada? Je, vina umeme wa akiba injini ikizimika?

4. Zamu ya usiku ina watu wangapi?

5. Nahodha hupata wapi utabiri wa hali ya hewa kabla ya kung'oa nanga, na nani mwenye uamuzi wa kuahirisha safari?

6. Kiasi cha mzigo kinachoruhusiwa ni kipi, na alama ya mzigo ubavuni mwa chombo iko juu ya maji baada ya kupakia?

7. Bima ya chombo inamlipa nani, na bima ya shehena yako inataja safari ya ziwani kwa jina? Hati nyingine huishia Mombasa au Kisumu.

Mwenye chombo aliye makini hujibu maswali haya bila kukasirika. Anayekasirika amekwisha kukupa jibu.

MANENO UTAKAYOYASIKIA GATINI

Kutia nanga nje: meli imefika lakini haijapewa gati.

Rubani wa bandari: nahodha mwenyeji anayepanda melini kuiongoza mkondoni.

Mkondo: njia yenye kina iliyowekewa maboya.

Maili ya baharini: mita 1,852. Mwendo wa meli huhesabiwa kwa maili hizi kwa saa.

Hasara ya pamoja: gharama za kuokoa meli na mzigo zinazogawanywa kwa wote wenye mali melini.

Chaneli 16: chaneli ya redio ya kuitana na kuomba msaada.